Mvua Juu ya Chumba cha Mitambo

4 Machi
Mvua imefika, na imeingia kwa mlango wake wa kila mwaka: pale juu ya kabati la swichi za mtandao, ambapo bati lilitobolewa kupitisha bomba la kiyoyozi na halikuzibwa sawasawa. Nimetega ndoo. Kimya amesema ndoo hii ina miaka mingi kazini kuliko yeye, na haijapandishwa cheo pia. Kimya ni msaidizi wangu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza; tulimbandika jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Mimi wananiita Bi Waya. Nimeyazoea yote mawili, jina na waya.

Mvua zikiisha nastaafu. Ndiyo maana naandika. Nataka kujua msimu mmoja wa kazi hii unafananaje, ukiutazama siku baada ya siku.

Chumba chetu kimepakana na dirisha la mapokezi. Mvua ikipiga bati, karani wa pale hasikii kitu, na siku nzima tunamsikia: "Sauti, mzee! Sauti! Nasema sauti!"

5 Machi
Ndoo. Magoti yanauma.

9 Machi
Madaktari wa upasuaji wamelalamika tena kwamba picha za eksirei zinachelewa kufika kwao kila alasiri. Wana haki. Nimekaa na chati za mtandao mpaka macho yakawasha.

Nilipoanza kazi katika hospitali hii, kila kitu kilipita uchi kwenye waya. Mtu akiandika jina la ugonjwa wake, mimi ningeweza kulisoma nikitaka. Siku hizi karibu kila kitu kimesimbwa: kinafungwa kwenye kompyuta ya anayetuma na kufunguliwa kwa anayepokea tu. Mimi niliye katikati naona bahasha. Imetoka wapi, inaenda wapi, ina uzito gani, imepita saa ngapi. Wenzangu wa kazi hii wanalia kwamba wamepofushwa. Mimi nilipumua.

Nilijifunza kazi kwenye ubao wa simu, katika mji mwingine, ng'ambo ya mpaka, nikiwa msichana. Sheria yetu ilikuwa moja. Unaunganisha, unasubiri anayepigiwa aseme "haloo", kisha unatoa sikio lako. Msimamizi, mama mnene mwenye hatua za paka, alipita nyuma ya viti na kumgonga begani kwa kalamu aliyechelewa kulitoa. Baadaye walikuja wanaume wawili, wakavuta viti mwisho wa ubao, nao hawakutoa sikio. Muda si muda niliondoka, na mji ule sijauona tena.

Basi nilijifundisha kusoma maumbo. Filamu hutiririka kama bomba lililosahauliwa wazi. Mazungumzo ya simu huenda na kurudi, kama watu wanaopokezana. Picha ya eksirei hudondoka kama gunia. Mtu anayeandika hutoa matone. Kwa maumbo hayo naweza kuendesha hospitali nzima bila kujua neno la mtu yeyote.

Leo nimegundua gunia nisilolijua. Kila alasiri, benki ya damu inatoa nje mzigo mkubwa, na huo ndio unaozibia picha njia. Nimeuandika kwenye ripoti ya wiki.

12 Machi
Mkurugenzi ameniita. Umri wake ungeweza kuwa wa mwanangu, na ana adabu: alisimama nilipoingia.

"Mama, kaa. Kuna mtu huko mjini anawapigia simu wachangiaji wetu wa damu. Anataka wamuuzie yeye. Ana majina yao, ana namba zao, anajua hata kundi la damu la kila mmoja. Wiki hii wamekuja watatu kulalamika."

"Vibaya hivyo."

"Na wewe umeniandikia hapa kwamba benki ya damu inatoa mzigo nje kila siku. Kuna nini ndani?"

"Sijui. Umefungwa."

"Ufungue."

"Siwezi. Mimi naona urefu wa mazungumzo, baba. Maneno siyaoni."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mlinzi wake wa usiku ni kipofu. "Mama, kwa heshima zote. Hospitali hii naiongoza mimi. Waya ni wa hospitali. Iweje kitu kipite kwenye waya wangu nisikijue?"

"Maji nayo yanapita kwenye bomba lako, na hujui nani anaoga."

Hakucheka. Alisema atanunua kifaa. Nilimwona anajifinya pua kati ya macho, na nikajua halali vizuri. Wachangiaji wakituogopa, hatuna damu. Hilo nalielewa.

13 Machi
Anayeongoza benki ya damu ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, asiyesalimia. Watu wanamwita Malkia. Leo nilipita mlangoni kwake alasiri. Alikuwa mbele ya lile jokofu jipya la wafadhili, anafungua mlango, anahesabu mifuko, anafunga, anaandika, anafungua tena. Nilisema habari za kazi. Aliinua kichwa, akakishusha.

Nilirudi nikiwa nimeudhika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Uzee una ngozi nyembamba.

16 Machi
Mvua. "Sauti, dada! Namba yako ya simu, kwa sauti!" Kimya anataka kumnunulia karani yule tarumbeta.

20 Machi
Kifaa kimefika. Ni sanduku jeusi la kawaida, na kijana wa kampuni amekileta akiwa na viatu visivyofaa matope. Akatueleza. Sanduku linakaa katikati ya njia. Kwa anayetuma linajifanya ndilo mpokeaji. Kwa mpokeaji linajifanya ndilo mtumaji. Kila bahasha inafunguliwa humo, inasomwa, inafungwa upya na kupelekwa.

"Na kompyuta hazishtuki?" Kimya akauliza.

"Zinashtuka, kaka. Ndiyo maana tunaziwekea cheti chetu, ziambiwe huyu ni mtu wa nyumbani."

"Kwa hiyo tunamdanganya kila mmoja kwa wakati wake."

"Tunaita ukaguzi," kijana akasema, kwa upole kabisa.

Kimya amezunguka hospitali nzima akiweka cheti kwenye kompyuta. Amerudi na miguu imevimba na habari za kila idara. Tumeruhusu tovuti za mabenki zipite bila kufunguliwa. Kijana alisema hicho tu ndicho watu husahau kukiruhusu.

24 Machi
Leo tumeliwasha.

Alasiri nilikaa mbele ya chati, Mkurugenzi nyuma ya kiti changu. Ukafika wakati wa mzigo wa benki ya damu. Haukutoka. Tulisubiri. Haukutoka kabisa.

"Umeona?" akasema kwa sauti ya chini. "Ameambiwa. Ameacha."

"Labda."

"Labda nini, mama? Siku nyingi hakosi, na leo tunafungua macho anakoma. Hebu tazama alichofanya leo kwenye kompyuta yake."

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimechoka, ndoo ilikuwa imejaa, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. Nikatazama.

Ripoti za damu. Barua ya kuomba glavu. Na ukurasa mmoja aliokuwa ameufungua asubuhi, akaufungua tena mchana: hali ya hewa. Si ya hapa. Ya mji mdogo ng'ambo ya mpaka ambao ramani nyingi haziutaji, na mimi naujua mpaka kona ya duka la mshona viatu. Ni mji wetu. Ni ule wenye ubao wa simu.

Ukurasa ulisema: jua kali, hakuna mvua wiki hii.

Mimi niliacha kuangalia mvua ya kule mwaka aliofariki dada yangu. Nilijiambia mvua isiyomnyeshea mtu wangu hainihusu. Na kumbe hapa, ng'ambo ya ukumbi tu, kuna mtu anayeiangalia mara mbili kwa siku.

"Kuna kitu?" Mkurugenzi akauliza.

"Hakuna jina la mchangiaji hata mmoja."

"Basi ameshafuta."

26 Machi
Malkia amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nilimkuta ukumbini na mfuko wake wa plastiki: koti jeupe, kikombe, ndala. Mlinzi alikuwa nyuma yake, ameona aibu, anatazama dari.

Alisimama mbele yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema zaidi ya neno moja.

"Mmenifukuza, na hakuna aliyeniuliza kitu. Hata kimoja."

Ningeweza kumjibu kwa lugha ya kwetu. Ilinijia mdomoni kabisa, pamoja na mate yake. Lakini angejua papo hapo nimejuaje. Nikasema pole, kwa lugha ya kila mtu. Akapita.

27 Machi
Benki ya damu amepewa muuguzi wa wodi nyingine. Anakuja asubuhi, anatoa kinachohitajika, anafunga mlango, anarudi wodini kwake.

30 Machi
Picha za eksirei zinafika haraka sasa. Madaktari wananisifu. Sifa hizi nazipokea kama mtu aliyepewa chenji ya mwenzake.

2 Aprili
Umeme umekatika na kurudi mchana kutwa. Ndoo mbili sasa.

3 Aprili
Hakuna jipya.

5 Aprili
Wachangiaji wawili zaidi wamepigiwa simu na yule mtu wa mjini. Na Malkia hayupo. Nilimwambia Mkurugenzi hivyo. Alisema huenda aliuza majina yote zamani. Na kibaya zaidi, mimi nami nikafikiri: labda kweli. Asiyesalimia anaficha kitu. Nilifikiri hivyo nikijua vizuri anachoficha. Na mimi pia nilikificha, miaka yangu ya mwanzo hapa, kwa njia hiyohiyo: nilifunga mdomo ili lafudhi yangu isinitangulie mlangoni.

9 Aprili
Siku mbaya.

Asubuhi mama mmoja aliyejifungua alianza kuvuja damu. Muuguzi alikimbia benki ya damu, akafungua mlango, akakuta jokofu linapiga kelele peke yake humo ndani. Umeme uliokatika jana ulikuwa umeliangusha na halikuanza kupoza tena. Damu yote imepata joto. Mfuko hata mmoja haufai. Mvua ilikuwa juu ya bati tangu alfajiri, na mlango umefungwa, nani angesikia?

Gari la wagonjwa limekwenda kuazima damu hospitali ya jirani, barabara ikiwa mto. Tulisimama ukumbini sote, hata tusio na kazi pale. Mume wa yule mama alikuwa ameshika viatu vya mtoto visivyomtosha mtoto yeyote mchanga, amevinunua kwa furaha bila kupima. Gari lilirudi. Mama yu hai. Daktari alitoka na kusema, "Ilibaki kidogo tu tumpoteze," akaenda kukaa kwenye ngazi.

Mkurugenzi alikuwa anafoka. "Jokofu hili linatuma ujumbe! Tuliambiwa joto likipanda linatuma ujumbe kwenye simu ya zamu!"

"Halikutuma," muuguzi akasema, analia. "Haki ya Mungu, simu ninayo hapa. Halikutuma."

Linatuma. Neno hilo lilinishika. Linatuma kwa njia gani?

Nilirudi kwenye chati na kutazama benki ya damu, si alasiri tu, bali siku nzima, tangu tulipowasha sanduku. Kompyuta ya Malkia imezimwa tangu alipoondoka. Muuguzi haigusi. Hata hivyo kutoka chumba kile, mchana na usiku, kuna kifurushi kidogo kinatoka, kinagonga, kinakataliwa. Kinapumzika. Kinatoka tena, kilekile, kwa uzito uleule. Umbo hilo nalijua. Ni la anayebisha hodi asijibiwe. Lilikuwa mbele ya macho yangu wiki mbili, na sikulitazama, kwa sababu nilikuwa nimepewa ruhusa ya kusoma maneno na nikaacha kutazama maumbo.

Nilimchukua Kimya, tukaenda kuufuata waya kwa mkono. Chumba kile kina waya mmoja tu, unaogawanywa na kisanduku kidogo chini ya meza, kwa hiyo kwangu kila kilichomo huonekana kama mtu mmoja. Waya wa kwanza ulikwenda kwenye kompyuta. Wa pili ulipita nyuma ya jokofu na kuingia ndani yake. Mafundi wa jokofu walikuja nikiwa likizo, wakachomeka, wakaondoka.

Kimya alifungua mlango wa jokofu. Juu, pembeni, kijicho cha kioo kikamulika.

"Bi Waya," akasema. "Hii inapiga picha."

Kila mlango unapofunguliwa inapiga picha ya mifuko na kuituma kwa waliolitengeneza. Na Malkia huhesabu mifuko kila alasiri: anafungua, anafunga, anafungua. Gunia letu lilikuwa hilo.

Tulipowasha sanduku, jokofu lilitaka kuzungumza na waliolitengeneza, likakutana na mgeni anayejifanya wao. Hakuna aliyeliwekea cheti chetu; lisingekikubali. Likakataa kusema. Picha zikakoma, na ujumbe wa hatari nao ukakoma, kwa kuwa vyote vinapita njia moja. Sisi tulimkamata mtu kwa sababu friji imenyamaza.

Kimya hakusema kitu njia nzima ya kurudi. Nimezima sanduku bila kuomba ruhusa.

10 Aprili
Nilimweleza Mkurugenzi pale pale ofisini, nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ningeua mtu," akasema.

"Tungeua."

Sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo ndani ya suti yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kushika: "Na majina, mama? Majina yalitokaje?"

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha na sikulipata. Nikamwambia hivyo, tukatoka pamoja. Mvua ilikuwa imeanza tena. Tulipofika ukumbini ilibidi tusimame, kwa kuwa hatukusikilizana.

"Sauti, kaka!" karani alikuwa anapiga kelele nyuma ya kioo. "Mchangiaji? Jina! Namba ya simu! Taratibu! Kundi la damu? O nini? O CHANYA?"

"O chanya!" mtu akapaza sauti, na ukumbi wote ukajua.

Mkurugenzi alinigeukia. Mimi nilimgeukia yeye. Kwenye benchi mkabala na dirisha alikaa mwanamume nadhifu, simu mkononi, anaandika kwa kidole gumba.

"Yule ni nani?" Mkurugenzi akamuuliza mlinzi.

"Yule? Ana mgonjwa, bosi. Yuko hapa tangu mvua zianze."

"Mgonjwa wake yuko wodi gani?"

Mlinzi akafungua mdomo, akaufunga. Mwanamume yule alikuwa amekwisha kusimama, anafungua mwavuli wake kabla hajafika mlangoni, anaondoka kwa haraka ya mtu asiyetaka kuonekana na haraka.

Tuliweka sanduku la thamani katikati ya waya, na siri zote zilikuwa zinapigiwa kelele dirishani. Kimya amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza.

14 Aprili
Karani amepewa karatasi: mchangiaji anaandika mwenyewe, anapitisha chini ya kioo, karani anaichana akishaiingiza. Sanduku jeusi liko sakafuni. Kimya amezuilia nalo mlango, upepo upite.

17 Aprili
Malkia amerudi. Mkurugenzi alimwomba radhi mbele ya watu, na aliomba vizuri. Malkia alisikiliza, akauliza ufunguo wa jokofu uko wapi.

21 Aprili
Amekuja kwangu. Alasiri, mlango uko wazi kwa sababu ya lile sanduku. Hakukaa. Alitazama dari, ndoo, kabati, kisha mimi.

"Siku ile kilipowashwa kile kidude. Kompyuta yangu ilikuwa inafanya kazi mchana kutwa."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyekuwa unasoma."

"Mimi."

"Ulisoma nini changu?"

Kimya akakumbuka ana kazi maabara, akatoka.

"Hali ya hewa," nikasema.

Nilitaja jina la mji. Nililitaja kama tunavyolitaja sisi, mkazo mwanzoni, jinsi wageni wasivyoweza. Sijalisema kwa sauti tangu siku nilipoletewa habari ya kifo cha dada yangu. Uso wake haukubadilika, ila mkono ulitafuta mlango ukaushika.

"Wewe ni wa kule," akasema.

"Nilikuwa kwenye ubao wa simu. Jengo la kijani, nyuma ya soko."

"Mama yangu yuko kule. Analima. Amepanda mara mbili, na mbegu imeungua mara mbili." Tone likadondoka ndooni, na lingine. "Miaka yote hii tuko jengo moja. Ungeniuliza."

"Hukuwa unasalimia."

"Na wewe ulijua kwa nini mtu hasalimii."

Nilijua. Nikauliza swali pekee nililokuwa nalo, ambalo ningepaswa kuliuliza mwezi mzima nyuma, bila sanduku lolote, mlangoni kwake, kama jirani.

"Kule mvua imeanza?"

Aliondoka, na ni haki yake.

24 Aprili
Ndoo.

29 Aprili
Mafundi hatimaye wamepanda kuziba bati. Wamechagua wiki ambayo mvua inapungua. Mkurugenzi ameniuliza ni chombo gani kinunuliwe ili aone kinachopita. Nimemwambia anunue waya wa pili kwa ajili ya jokofu, na amchukue Kimya kwenye nafasi yangu. Ameandika yote mawili.

3 Mei
Nimempa Kimya chati zangu za maumbo. Amesema ataziangalia kama Biblia na Kurani kwa pamoja. Ameongea saa nzima. Nitaikosa kelele hiyo.

6 Mei
Siku ya mwisho. Jua. Nimefuta meza, nimetoa kikombe changu, nimegeuza ndoo chini juu. Hakukuwa na sherehe, nilikataa.

Nilikuwa nafunga mfuko wakati Malkia alipopita ukumbini na trei ya mifuko ya damu, anakwenda wodi ya wazazi. Alifika mlangoni kwangu. Hakusimama, alipunguza mwendo tu, na alisema kwa lugha ya kwetu, bila kugeuza kichwa:

"Imenyesha. Tangu jana."

Akaendelea na safari yake, trei imenyooka, hauna haraka ule mwendo wake.

Nikakaa tena kwenye kiti, na mfuko mapajani.